Mshono

Kibandiko kinasema: sahani za kuchapwa.
Nikasimama hapo hapo.
Sikuwa nimekuja kwa vyombo. Nilimleta Akeyo
aone kobe na mamba, mvua ikatukimbiza
hadi ndani ya makumbusho, chumba cha mwisho,
sakafu imepigwa dawa ya nta, viatu vyetu vinalia.

Mimi ni mchapaji. Duka langu liko Kibuye,
mlango wa pili baada ya wauza magodoro.
Nachapa kalenda, risiti, kadi za harusi,
na kuliko vyote, ratiba za mazishi,
maana Kisumu hii mtu hazikwi bila karatasi.

Nyuma ya kioo, sahani kumi na moja,
nyeupe na buluu, buluu ya nili,
ile aliyotia mama katika maji ya mwisho
ili shati langu la shule liwachome wenzangu macho.
Kuna daraja lisilokwenda popote.
Kuna mti ambao kivuli chake sikijui.
Kuna ng'ombe, naam, ng'ombe wa buluu
ameinamia mto wa buluu.
"Baba, huyu anaumwa?"
Nikamwambia walikuwa na wino mmoja tu.
Hata mimi, mteja akija na haraka na mfuko mtupu,
humwambia: chagua rangi moja, Mungu ataona nyingine.

Kibandiko kinaeleza kazi ilivyokwenda huko ng'ambo:
picha ilichorwa kwenye bamba la shaba,
ikapakwa wino, ikakandamizwa karatasi
nyembamba kama ganda la kitunguu.
Watoto waliikata kwa mikasi.
Wanawake waliibandika juu ya udongo,
wakasugua, wakasugua,
kisha wakaiosha karatasi, picha ikabaki.
Majina yao hayakubaki.

Basi nikainama, pua karibu na kioo,
kutafuta kitu nilichojua lazima kipo.
Nikakiona. Ukingoni, upande wa saa nane,
maua yanakuja mbio, maua hayakutani.
Ua nusu. Jani limekatwa koo.
Hapo karatasi ilianzia, na hapo iliishia.
Nikacheka peke yangu. Mlinzi akakohoa.

Mwezi wa nne nilimchapa marehemu Rosbela wa Ahero,
nakala mia nne.
Stima ikapotea, ikarudi kwa kurukaruka,
karatasi ikateleza upana wa unywele,
na buluu ikamkalia mama wa watu kando ya shavu
kama mtu wa pili anayechungulia.
Shikuku alitaka tuzichome zote.
Lakini gari lilikuwa limeshatoka mochwari.
Mwanawe akashika moja, akaitazama,
akaitazama, nami moyoni napiga hesabu ya hasara.
Akasema, "Mwache hivyo.
Ndivyo alivyokuwa akiaga mlangoni:
ameshakwenda, na bado yupo."
Akalipa bei nzima. Mpaka leo sijui
kama pesa ile ilikuwa yangu.

Mvua imelegea juu ya paa. Akeyo ananivuta mkono.
Nikamwonyesha mshono wa sahani.
Akaukagua kwa ule ukali
wa mtoto anayesahihisha daftari la jirani yake.
"Alikosea," akasema.
Halafu, baada ya kitambo:
"Alikuwa na sahani ngapi siku hiyo?"

Sikujibu. Nilikuwa nauona mkono,
sijui wa nani, wino umeganda kwenye kucha
kama huu wangu,
unashusha karatasi moja, na nyingine inangoja,
na nyuma yake nyingine.

Nje kobe walikuwa wamelowa, wanang'aa.
Akeyo akachuchumaa mbele ya yule mkubwa,
akamzunguka mara mbili, polepole,
kidole hewani juu ya gamba,
akitafuta pale walipomuunganishia.